Wavu Mweupe: Seli za Kinga Zinatafuta Nini Ndani ya Kitambi?

Ukimpasua mbuzi tumbo, kinachotangulia kuonekana si utumbo. Ni wavu mweupe, mwembamba kama shela, uliotandikwa juu ya utumbo na kufumwa kwa michirizi ya mafuta. Wachinjaji wanaujua vizuri. Wengine huutupia mbwa. Wenye ladha zao huuviringishia ini na kulibanika, mafuta yakidondokea makaa. Binadamu naye anao wavu huo huo. Kwa mtu mwembamba ni shela kweli. Kwa mwenye kitambi kikubwa ni godoro.

Mwaka 1874 mwanasayansi Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aliutazama wavu wa sungura kwa hadubini akaona vidoa vyeupe, mithili ya matone ya maziwa. Vilikuwa vishada vya seli za kinga. Mwaka 1906 mpasuaji wa Kiingereza Rutherford Morison aliuita wavu huo polisi wa tumbo, kwa sababu una tabia ya kwenda kujizungushia mahali palipoharibika: kidole tumbo kikioza, wavu hukifunika ili usaha usisambae. Kwa hiyo kwamba mafuta ya tumboni yana walinzi ndani yake si habari ya leo wala ya jana. Habari mpya ni kwamba walinzi hao hao, mafuta yakizidi, huhusika katika kupandisha sukari ya damu. Wanahusika vipi? Na je, wao ndio wakosaji? Swali la kwanza limejibiwa kwa sehemu kubwa ndani ya miaka thelathini hivi iliyopita. La pili limewachanganya hata wataalamu, na ndilo linalonivutia zaidi.

Tuanze na hodi.

Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho, hasa baada ya mtu kula. Husafiri na damu ikipiga hodi kwa seli: sukari iko nje, fungueni. Kwenye ukuta wa seli ya msuli au ya mafuta kuna kipokezi, ambacho tukiite bawabu. Bawabu akisikia hodi hafungui mwenyewe. Humtuma tarishi wa ndani, protini inayoitwa IRS-1, baada ya kumpiga muhuri unaothibitisha kuwa ujumbe ni halali. Tarishi huupeleka ujumbe ndani, na milango ya sukari iliyokuwa imehifadhiwa katikati ya seli husogezwa hadi ukutani na kufunguliwa. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ni zaidi ya asilimia 90 ya kisukari chote duniani, insulini ipo. Mara nyingi mwanzoni ipo nyingi kuliko ya mtu mzima wa afya. Hodi inapigwa na bawabu anaisikia. Aliyekwama ni tarishi. Yale maelezo yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mafuta "yanaziba" seli kama grisi iliyoganda kwenye bomba la sinki, yanakosea hapa. Hakuna kilichoziba. Kuna ujumbe unaokatwa njiani, na anayeukata ana sababu zake.

Seli ya mafuta nayo hupokea hodi hiyo, lakini kwake insulini huleta amri mbili: ingiza sukari, na shikilia mafuta yako, usiyamwage. Amri ya pili ndiyo yenye uzito. Seli ya mafuta isipoisikia tena, asidi za mafuta huvuja kwenda kwenye damu, zikaishia kwenye ini na misuli, mahali ambapo hazikupaswa kurundikana. Ini likishajaa mafuta nalo huanza kutosikia, likaendelea kutengeneza sukari usiku kucha wakati halikuombwa. Mgonjwa anapima asubuhi, anakuta milimoli 9 au 10 kwa lita, anashangaa: sijatia kitu mdomoni tangu jana magharibi, sukari hii imetoka wapi? Imetoka kwenye ini lake mwenyewe.

Sasa ni nani anayemkwamisha tarishi?

Mwaka 1993, katika maabara ya Bruce Spiegelman mjini Boston, mtafiti kijana mzaliwa wa Uturuki, Gökhan Hotamisligil, alikuwa akipima mafuta ya panya wanene. Alikuta yamejaa protini iitwayo TNF. Ni protini ya vita. Jina lake kamili linatokana na uwezo wake wa kuua uvimbe wa saratani, na seli za kinga huitoa zinapopambana na vijidudu. Cha ajabu ni kwamba miaka michache kabla ya hapo protini hiyo hiyo ilikuwa ikijulikana kama kisababishi cha kukonda kwa wagonjwa mahututi. Kitu kinachokondesha kinatafuta nini kwa wanene? Hotamisligil na wenzake waliwapa panya hao dawa ya kuifunga TNF, na miili yao ikaanza tena kuisikia insulini.

Baadaye ikafahamika jinsi inavyotenda. TNF ikiishika seli huamsha vimeng'enya ndani yake, na kimojawapo, JNK, humpiga tarishi IRS-1 muhuri mahali pasipostahili. Tarishi mwenye muhuri wa pale hapokelewi kokote. Bawabu anaendelea kumtuma, naye amekaa kitako.

Usiione hii kama hitilafu tu. Mtu akiwa na homa kali au jipu, kuna mantiki misuli na mafuta kuzuiwa kwa muda yasimeze sukari, ili sukari hiyo ibaki kwa seli za kinga zinazopigana. Kila anayeishi na kisukari amewahi kuliona hili bila kuambiwa: akipata malaria au kidonda mguuni, sukari hupanda hata kama chakula ni kile kile cha siku zote. Ni mpango wa dharura, na unafaa kwa wiki moja. Kwenye mwili mnene mpango huo unakaa miaka.

Hali hii ya mwili kuingia vitani, madaktari huiita mchochota. Tumezoea mchochota unaoonekana: kidole kilichochomwa na mwiba kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinauma. Wa kwenye mafuta hauna hata kimoja cha hivyo. Hauumi. Mtu anaweza kuwa nao miaka kumi huku akisifiwa mtaani kwamba amenawiri, maisha yamemkubali.

Kwa miaka kumi baada ya ugunduzi wa Boston, wengi walidhani seli za mafuta zenyewe ndizo zinazotoa ile TNF. Mwaka 2003 timu mbili zilitoa majibu yao katika jarida moja, kila moja ikiwa imefanya kazi yake mbali na mwenzake: moja ya Anthony Ferrante kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, nyingine ya kampuni ya dawa ya Millennium, Massachusetts. Zote zilikuta wageni ndani ya mafuta. Wageni hao ni makrofaji, seli kubwa za kinga ambazo kazi yake ni kula: kula bakteria, kula seli zilizokufa, kula takataka. Timu ya Columbia ilikadiria kuwa kwa mtu mwembamba hazifiki asilimia 10 ya seli zilizomo ndani ya mafuta, ila kwa binadamu wanene zinakaribia 40. Soma tena takwimu hiyo. Tunaposema "mafuta" ya kitambi kikubwa, karibu seli mbili kati ya tano huenda si za mafuta kabisa, ni makrofaji. Na hizo ndizo zilizokuwa zikitoa karibu TNF yote.

Zinafuata nini pale? Jibu zuri kuliko yote lilitoka Ancona, Italia, mwaka 2005, kwa Saverio Cinti na wenzake, watu waliozoea kutazama mafuta kwa hadubini. Waliona makrofaji hazikutawanyika ovyo. Zaidi ya asilimia 90 zilikuwa zimekaa kwa duara, zikizunguka kitu kimoja kama taji linavyozunguka kichwa. Na kila taji lilikuwa limezunguka seli ya mafuta iliyokufa.

Msiba, basi. Kuna maiti, na waliokuja ni wazishi.

Ili kuelewa kwa nini seli za mafuta zinakufa, lazima ujue jinsi zinavyoishi. Seli ya mafuta ni kama chumba cha kupanga kilichojazwa gunia moja kubwa la mafuta. Kiini chake, ambacho kwenye seli nyingine hukaa katikati, kimebanwa ukutani kama mpangaji asiye na pa kunyoosha miguu. Ukila kuliko unavyotumia, gunia linakua. Ingekuwa rahisi kama mwili ungejenga vyumba vipya bila kikomo, lakini hesabu ya vyumba kwa sehemu kubwa hupangwa utotoni na katika ujana. Kirsty Spalding wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, alilionyesha hilo mwaka 2008 kwa njia ambayo sijaacha kuistaajabia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalimwaga kaboni-14 hewani, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye DNA ya kila aliyekuwa hai. Kwa kupima kaboni hiyo ndani ya DNA ya seli ya mafuta, unajua seli ilizaliwa lini. Timu yake ilikuta kwamba idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima haibadiliki sana, na kwamba takriban asilimia 10 hufa na kubadilishwa na mpya kila mwaka. Hata waliokonda sana baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo, idadi ilibaki ile ile; kilichopungua ni ukubwa wa kila seli.

Kwa hiyo mtu mzima anayenenepa kwa kawaida anatanua vyumba vile vile. Seli inavimba hadi kuwa na upana wa sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, na hapo oksijeni, ambayo husafiri kutoka kwenye mshipa wa damu kwa umbali mfupi tu, inapata shida kuifikia kila pembe yake. Seli inahangaika. Inatoa kemikali za kuomba msaada, na mojawapo, MCP-1, kazi yake hasa ni kuita chembe za damu ambazo zikishaingia ndani ya nyama hugeuka makrofaji. Seli nyingine zinapasuka. Mafuta yaliyomwagika nje ya seli ni sumu kwa jirani zake, lazima mtu ayazoe.

Hapa ndipo picha inapoanza kuwa ngumu, kwa sababu makrofaji hazikuwa peke yake wala hazikuwa za tabia moja. Mwaka 2007 Carey Lumeng na Alan Saltiel wa Michigan walionyesha kwamba panya wembamba nao wana makrofaji kwenye mafuta, ila ni za tabia ya upole: zinatengeneza, zinasafisha, zinatuliza. Mnyama akinenepa, zinazoingia ni za tabia ya ukali. Mwaka 2009 jarida la Nature Medicine lilichapisha kwa pamoja tafiti tatu, kutoka Tokyo, Boston na Toronto, zote zikihusu seli T, aina nyingine ya seli za kinga. Wa Tokyo waliona seli T za kuua, zile ziitwazo CD8, zinaingia kwenye mafuta hata kabla ya makrofaji, kana kwamba ndizo zinazopiga mbiu. Wa Boston waliona kinyume chake: kuna seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwaambia wenzake inatosha. Kwenye mafuta ya tumbo ya panya wembamba zilikuwa nyingi mno, zaidi ya nusu ya kundi lake, wingi ambao haupatikani sehemu nyingine za mwili. Panya wakinenepa, zinatoweka.

Kisha mwaka 2011 kikaja kikundi cha California, cha Ajay Chawla na Richard Locksley, na jambo ambalo sisi wa huku hatuwezi kulipita hivi hivi. Waliokuwa wakiwafanya makrofaji wa mafuta wawe wapole ni eosinofili. Aliyewahi kupima damu na kuambiwa "eosinofili zimepanda, inawezekana una minyoo" anazijua. Ni seli za kupambana na minyoo, na kumbe mafuta nayo ni mojawapo ya makao yake. Panya wasio na eosinofili walinenepa zaidi na sukari yao ikaharibika. Panya walioambukizwa minyoo kwa makusudi, sukari yao ilitengemaa.

Ni rahisi kuruka kutoka hapo hadi kwenye kichwa cha habari: dawa za minyoo ndizo zinazoleta kisukari Afrika! Taratibu. Binadamu wamepimwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, watu walipewa albendazo, dawa ya minyoo, au kidonge kisicho na dawa. Kwa jamii nzima hakukuwa na tofauti, ila kwa wale waliokuwa na minyoo kweli, kuiondoa kuliongeza usugu wa mwili kwa insulini, yaani ile hali ya kutoisikia hodi. Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako kichocho ni jambo la kila nyumba, vijiji vilivyopewa dawa mara nyingi zaidi havikutofautiana na vingine katika usugu huo. Kilichopanda ni lehemu mbaya ya damu. Minyoo, kwa ufupi, ina mkono wake katika namna mwili unavyotumia chakula, lakini mkono huo ni mdogo, na mtoto mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya safura hana habari na eosinofili zako. Ampate mhudumu, apewe kidonge.

Mpaka hapa hadithi inaonekana kuelekea hukumu moja: seli za kinga zimevamia mafuta, zimeleta vita, vita vimeleta kisukari. Ukizizuia, umetibu. Kampuni za dawa zilifikiri hivyo hivyo, na dawa zenyewe zilikuwepo tayari. Dawa za kufunga TNF zinatumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Wakapewa watu wenye kisukari. Kwa panya ilikuwa imefanya kazi vizuri. Kwa binadamu, majaribio ya mwanzo hayakubadilisha kitu cha maana.

Wengine walijaribu dawa za jamii ya asprini. Hapo kuna kumbukumbu ya kale: mwaka 1876 daktari Mjerumani Wilhelm Ebstein aliandika kwamba wagonjwa wa kisukari waliopewa salisileti, kemikali ya ukoo wa asprini, walipungua sukari kwenye mkojo. Karne moja na robo baadaye maabara ya Steven Shoelson mjini Boston ilionyesha kwamba salisileti huzuia kimeng'enya kimojawapo cha ile njia ya mchochota. Jaribio kubwa la binadamu lilitoa majibu yake mwaka 2013: baada ya wiki 48 za kutumia salsaleti, dawa ya ukoo wa salisileti, kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa asilimia 0.37 kuliko kwa wasiotumia. Kimeshuka, ndiyo. Lakini metformini, kidonge kile kinachopatikana hadi kwenye zahanati, kwa kawaida hushusha kama asilimia 1.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, lililotangazwa mwaka 2017. Walipewa kanakinumabu, dawa inayofunga kemikali nyingine ya vita iitwayo interlukini-1. Mchochota ulipungua. Matatizo ya moyo yalipungua. Walioingia kwenye kisukari hawakupungua.

Kama seli za kinga ndizo wakosaji, mbona kuzifunga mikono hakutibu?

Mwaka 2014 timu ya Philipp Scherer wa Dallas ilitengeneza panya ambao seli zao za mafuta haziwezi kupokea amri za mchochota. Wengi wangetarajia panya hao wawe na afya njema. Walipolishwa mafuta mengi, walikuwa na hali mbaya zaidi: mafuta ya tumbo yalishindwa kutanuka, ini likajaa mafuta, insulini haikusikika. Kumbe mchochota kidogo ni sehemu ya ujenzi. Ukitaka kutanua nyumba lazima kuta fulani zivunjwe na kifusi kizolewe. Kisha mwaka 2019 timu ya Ido Amit wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, ikaichunguza seli moja baada ya nyingine, ikakuta kwamba makrofaji za kwenye yale mataji ni aina ya pekee, waliobobea katika kumeza na kusaga mafuta, wakitumia kipokezi kiitwacho Trem2. Walipokiondoa kipokezi hicho, mataji hayakujengeka, na panya wakaugua zaidi.

Wazishi walikuwa wanazika. Tumewakuta msibani tukadhani ndio wauaji.

Sisemi hawana lawama. Kelele zao, hasa zikiendelea miaka na miaka, huwafikia majirani walio wazima na kuwakwamisha matarishi wao. Lakini kwa maoni yangu chanzo kiko nyuma yao, kwenye ghala lililofikia mwisho wa uwezo wake. Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote hauhusu wanene kabisa. Kuna watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta ya mwili. Ni wembamba, misuli inaonekana kama imechongwa, na hupata kisukari kikali sana, ini likiwa limejaa mafuta, kwa kuwa hakuna pengine pa kuyaweka. Mwaka 2000 watafiti wa Bethesda, Marekani, waliwapandikizia mafuta panya wa namna hiyo. Sukari ikashuka. Mafuta yalikuwa ndiyo dawa.

Huku kwetu tumeiona sura yake nyingine. Wengi wanakumbuka stavudini, mojawapo ya dawa za mwanzo za kufubaza VVU, iliyookoa maisha lakini ikawanyonya watu mashavu, mikono na makalio, huku wengine tumbo likijitokeza. Mafuta yalitoka kwenye ghala salama yakaenda kusikofaa, na kisukari kikafuata baadhi yao. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua.

Ukishika wazo la ghala, mambo kadhaa yaliyokuwa vitendawili yanafunguka. Pioglitazoni, kidonge cha kisukari kinachopatikana katika maduka yetu ya dawa, humnenepesha mgonjwa kidogo na bado hushusha sukari, kwa sababu huongeza nafasi kwenye mafuta ya chini ya ngozi na kuyatoa kwenye ini. Mwaka 2004 huko St. Louis, Marekani, wanawake wanene walifyonzwa karibu kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo kwa upasuaji, na usikivu wao kwa insulini haukubadilika hata chembe. Lililopunguzwa ni ghala salama, shehena iliyo mahali pabaya ikaachwa. Na ndiyo sababu mwanamke mwenye mapaja na makalio makubwa, yale yanayoimbwa kwenye taarabu na singeli, anaweza kuwa na sukari nzuri kuliko mumewe mwenye miguu kama ya korongo na kitambi kinachotangulia mlangoni. Mafuta ya mapajani yametulia. Ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo, humwaga yaliyomo moja kwa moja kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini.

Ukubwa wa ghala nao hautofautiani kwa mtu na mtu tu, bali pia kwa ukoo na ukoo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huweka mpaka wa kiuno kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini kuwa sentimita 90, na kwa wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara, hadi takwimu zetu wenyewe zitakapotosha, hutumia ule wa Wazungu, 94. Kwa wanawake wa makundi hayo yote ni 80. Mkanda wa fundi cherehani, kwa hiyo, unasema mengi kuliko mizani. Na si kila kisukari cha huku kimepitia njia hii: katika kliniki za Afrika Mashariki wapo wagonjwa wengi wembamba, ambao kwao tatizo kubwa ni kongosho lenyewe kutoa insulini kidogo.

Hata hivyo wimbi linapanda. Katika miaka ya 1980 timu ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili ilipima vijiji sita vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja kati ya watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa njia tofauti kidogo na uliohusisha pia miji, ulikuta karibu tisa kati ya mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Seli zetu za kinga hazikubadilika kwa miaka thelathini. Shehena ndiyo iliyoongezeka.

Je, ghala likipunguzwa mzigo, mwili unasikia tena? Mara nyingi, ndiyo. Katika jaribio la DiRECT la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2017, watu wenye kisukari cha miaka sita au pungufu, wasiotumia insulini, walilishwa kalori kama 850 tu kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Mwaka mmoja baadaye asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa yoyote ya kisukari. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Si jambo la kujaribu peke yako nyumbani ukiwa unameza dawa za kushusha sukari. Inaweza kushuka ukaanguka. Na panya mnene anapoanza kupungua, makrofaji kwenye mafuta yake huongezeka kwanza kwa muda, zikizoa mafuta yanayotolewa, ndipo zikapungua. Mwenye kuzipima wiki ya kwanza angedhani mambo yanaharibika.

Aliyewahi kupungua anajua kilo zilivyo na haraka ya kurudi, na hilo nalo lina maelezo yake ndani ya seli. Mwaka 2024 watafiti wa Zürich walichunguza mafuta ya watu waliopungua sana kwa upasuaji na ya panya waliokondeshwa. Seli za mafuta za wote zilikuwa zimebaki na dalili za unene, za panya hadi juu ya DNA yao, na panya waliorudishiwa chakula cha mafuta walinenepa haraka kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuwa wanene. Seli inakumbuka. Ila rudi kwenye hesabu ya kaboni ya Spalding: kila mwaka moja kati ya kumi ya seli hizo hufa, makrofaji zikaizika, na nyingine ikazaliwa mahali pake, huenda bila kumbukumbu ya enzi za godoro.